Kila Chakula na Saa Yake: Mwongozo wa Kuonja Vyakula vya Mitaani Dar es Salaam

Dar es Salaam hula barabarani kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane. Ukitaka kuonja vyakula vyake kwa miguu, kutoka Kariakoo hadi Feri, shika kanuni moja: kula kila chakula kwa saa yake. Hapo ndipo kinapokuwa kitamu zaidi, na ndipo kinapokuwa salama zaidi.

Sababu yake ni joto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba vijidudu huzaliana haraka chakula kikiwa na joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 nje ya jokofu na bila kuwekwa motoni. Hali ya hewa ya Dar mwaka mzima imo humo humo katikati. Kwa kuwa meza nyingi za mitaani hazina jokofu, kinga ya mlaji ni moto wa jikoni na wingi wa wateja.

Asubuhi, saa 12 hadi saa 3

Anzia Kariakoo kabla jua halijawa kali. Tafuta anayekaanga vitumbua papo hapo. Rojo la mchele, nazi na hiliki humiminwa kwenye kikaango chenye vishimo. Kingo zikianza kuwa kahawia, mpishi huvipindua kimoja kimoja kwa kijiti cha chuma. Subiri vinavyotoka sasa hivi, hata kama kuna vingine tayari kwenye beseni. Supu nayo ni chakula cha asubuhi: iwe inachemka sufuriani inapotekwa, na chapati itoke kwenye kikaango.

Mchana, saa 6 hadi saa 8

Huu ni wakati wa mama lishe. Wahi mapema, wali ukiwa umepakuliwa kwa wachache tu na maharage yangali jikoni. Ukipita Kisutu utakuta bhajia, kachori na sambusa. Omba zilizotoka kwenye mafuta muda huo. Feri kuna samaki wa kukaanga, na hapo una nafasi ya kuchagua samaki akaangwe ukimwona.

Kiu ikikubana, dafu ni chaguo zuri, mradi likatwe mbele yako. Juisi ya miwa ikamuliwe ukiangalia, tena uinywe bila barafu, kwani huwezi kujua maji yaliyogandishwa yalitoka wapi.

Jioni, kuanzia saa 12

Majiko ya mkaa yanawashwa: mishikaki, chipsi mayai, mihogo, supu ya pweza. Mshikaki ukiwa umepoa, mwombe muuzaji aurudishe motoni mpaka uive hadi ndani. Si utovu wa adabu. Kwenye urojo, uliotujia kutoka Zanzibar, angalia mchuzi uwe wa moto. Kahawa chungu huchemkia kwenye dele juu ya makaa, kwa hiyo kahawa yenyewe haina shaka. Cha kutazama ni maji ya kuoshea vikombe.

Kabla ya kuagiza, angalia haya

- Wateja ni wengi na chakula kinaisha haraka.
- Anayepokea pesa si yule anayeshika chakula, au ananawa kabla ya kukishika.
- Chakula kimefunikwa, na nyama mbichi imetengwa na iliyoiva.
- Mafuta hayajawa meusi.
- Kachumbari imekatwa muda huo. Kama imelala kwenye ndoo, iache.
- Kuna maji yanayotiririka na sabuni. Nawa kabla ya kula, kila kituo.

Msiagize kila mtu sahani yake. Sahani moja watu wawili inatosha, na tumbo linabaki na nafasi ya kituo kinachofuata. Beba noti ndogo, uliza bei kwanza, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Salimia kabla ya kuuliza: “Shikamoo mama, kipi kimetoka jikoni sasa hivi?” Mpishi anayejivunia kazi yake atakujibu kwa furaha. Wapishi hawa ndio wanaoulisha mji. Walipe bei yao bila kuwanyanyasa.

Tumbo likichafuka

Anza kurudisha maji mwilini mara moja. Tumia ORS kutoka duka la dawa. Ikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vijiko vilivyosawazishwa juu. Kunywa kidogo kidogo, mara kwa mara. Nenda kituo cha afya bila kuchelewa ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikokoma, au kuharisha majimaji mengi mfululizo. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa kipindupindu, na kipindupindu hakisubiri kesho. Kwa mtoto mdogo, mjamzito na mzee, usingoje dalili zote hizo, mpeleke mapema.