Sorry ya Pole na Sorry ya Samahani

Wadogo zangu, Dada yenu nipo, chai ya tangawizi mkononi. Leo sizungumzii wachumba wala mawifi. Wenye kesi za mawifi nivumilieni hadi safari ijayo, maana nimepata barua ambayo nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikacheka, ya tatu nikajiona mwenyewe ndani yake.

"Dada, mimi ni binti wa miaka 23, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya watalii. Juzi mama mmoja wa Kizungu alijikwaa kwenye gurudumu la sanduku lake mwenyewe, akapiga goti chini. Nikasema 'Sorry!' kama ambavyo ningemwambia mtu yeyote. Akanishangaa, akaniuliza kwa nini naomba radhi wakati si mimi niliyemwangusha. Kesho yake akaniambia anakatisha safari kwa sababu ameondokewa na dada yake. Nikamwambia 'I am sorry for you.' Akatikisa kichwa tu, akaenda zake, na uso umebadilika. Dada, neno hili nalijua tangu shule ya msingi. Nimekosea wapi? Ni mimi, Mwenye Maswali, Bagamoyo."

Mwenye Maswali, mdogo wangu, kwanza nikutoe hofu. Adabu unayo, tena tele. Kilichotokea ni kwamba ulikuwa unasema Kiswahili kwa mdomo wa Kiingereza.

Fikiria kwetu. Mtu akijikwaa barabarani, anayetembea naye anasema pole, wa upande wa pili wa barabara anasema pole, na muuza chipsi aliyeinamia karai lake naye anasema pole bila hata kuinua kichwa. Hakuna anayekiri kosa. Pole haiulizi nani kasababisha. Inasema tu, nimeona umeumia. Ndiyo maana jibu lake ni "ahsante", au kwa watu wa pwani, "nishapoa". Ukimkanyaga mtu wewe mwenyewe, hapo unafungua kabati jingine kabisa: samahani, nisamehe, niwie radhi, kumradhi. Mtoto wa miaka mitano wa Kiswahili hachanganyi makabati haya mawili.

Mwingereza yeye kabati lake ni moja. Pole na samahani zote amezirundika kwenye "sorry", halafu anamwachia msikilizaji akisie ni ipi iliyotolewa. Na kwa kawaida mtu akiisikia imetoka peke yake, ghafla, kama ulivyoitoa wewe, anaisikia kama samahani. Yule mama alijiuliza kwa dhati umemfanya nini.

Usidhani ni wewe peke yako. "Sorry" ya kumpa mtu pole inasemwa Nairobi, Kampala, Lagos na Accra, na wataalamu wa lugha wanaihesabu kuwa ni alama ya Kiingereza cha Afrika. Na asili yake iko upande wetu. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilitokana na lile la kidonda na maumivu, ndugu yake "sore" ya leo. Aliyekuwa "sorry" alikuwa mtu mwenye kuumia moyoni. Kuomba radhi kulikuja baadaye. Kwa hiyo siku ile pale mapokezi, wewe ulikuwa karibu zaidi na babu zake yule mama kuliko yeye mwenyewe!

Lakini kazini tunataka mgeni aelewe, hatutaki ushindi wa kamusi. Mgeni akianguka, muulize hali yake: "Oh no, are you all right?" Hapo pole yako imefika. Na ukitaka "sorry" yako iwe pole bila utata, iongezee mkia. Siri yote ya neno hili iko kwenye mkia.

Tuanze na mkia wa msiba, maana ndio uliokuumiza. Ulisema "sorry for you". Kisarufi ni sawa, lakini sikio la Mwingereza linasikia "nakuonea huruma wewe". Hebu jiwekee mahali pake: umefiwa, halafu mtu anakuja kukwambia "mimi nakuonea huruma". Si utamtazama mara mbili? Huruma ya namna hiyo inatazama chini kutoka juu, na wengine huitumia kwa kejeli kabisa. Kinachosemwa ni "I'm so sorry for your loss", au "I'm so sorry to hear about your sister". Ielekeze pole kwenye msiba wake, usiielekeze kwake yeye.

Sasa mikia ya makosa. Kitu kilichoharibika au kilichomsumbua mtu kinachukua "about": "Sorry about the noise." Kitendo ulichokifanya kinachukua "for", na kitenzi kinavaa "-ing" mwishoni: "Sorry for keeping you waiting." Jambo unalolifanya sasa hivi linachukua "to": "Sorry to disturb you." Na lile la kila asubuhi, "Sorry for late", tuliache leo hii hii. Limetoka moja kwa moja kwenye "samahani kwa kuchelewa", na kwa Kiingereza halisimami. Sema "Sorry I'm late", maneno matatu, umemaliza, ingia ukae.

Angalia pia neno likitangulia jina. "A sorry state" ni hali ya kusikitisha, hali duni. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi zamani aliandika kwenye ripoti "the sorry driver", akikusudia dereva aliyeomba radhi. Bosi akasoma dereva wa hovyo. Dereva mwenyewe alipotafsiriwa, hakusalimiana na yule kijana mwezi mzima.

Zipo na "sorry" ndogondogo ambazo hazina pole wala samahani ndani yake. Ukiipandisha sauti mwishoni, "Sorry?", maana yake hujasikia, rudia tafadhali. Itumie badala ya "What?", ambayo kwa mgeni ni kama kumwambia "unasemaje wewe!" Ukiambiwa "Sorry, we're full", hapo mtu anakunyima kwa upole. Na ukitaka kumpita mtu kwenye korido, sema "Excuse me" kabla hujamgusa. "Sorry" ni ya ukishamgusa.

Ila Waingereza wenyewe wanaimwaga kama maji. Mwanaanthropolojia mmoja wa kwao, Kate Fox, kwenye kitabu chake cha mwaka 2004, Watching the English, anaeleza jinsi alivyokuwa akiwapiga watu kikumbo kwa makusudi mitaani na kwenye vituo vya treni ili aone watasema nini. Karibu asilimia 80 ya waliopigwa kikumbo ndio waliosema "sorry". Aliyegongwa anamwomba radhi aliyegonga! Kwa hiyo ukiambiwa "sorry" na Mwingereza, usiharakishe kusamehe. Huenda hata yeye hajui amesema.

Kwenye barua za ofisi, iache. Andika "We apologise for the delay", au kwa Wamarekani "apologize" yenye zeti. Neno hili halina pole ndani yake. Ni samahani tupu, yenye sahihi na muhuri. Mtu akiandika "apologise", amekiri.

Na hapo ndipo wakubwa wa dunia wanapoanza kutoka jasho.

Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China alikufa. Ndege ya Marekani ilitua kwa dharura kisiwani humo, na watu wake 24 wakazuiliwa. China ikataka kuombwa radhi. Marekani haikutaka kukiri kosa. Wanadiplomasia wakakaa siku kadhaa wakipima maneno kama dhahabu, na tarehe 11 Aprili ikatoka barua yenye "very sorry" mara mbili: moja kwa kifo cha rubani, nyingine kwa ndege kuingia anga la China na kutua bila ruhusa ya maneno. Wamarekani wakasema hiyo haikuwa kuomba radhi. Wachina wakawatangazia wananchi wao kwa maneno ya Kichina yanayosikika kama kuomba radhi. Watu 24 wakaachiliwa. Kwa lugha yetu, Washington ilitoa pole, Beijing ikapokea samahani, kila mmoja akaenda nyumbani na heshima yake.

Tusiende mbali. Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles III alikuwa Nairobi. Alizungumzia ukatili waliofanyiwa Wakenya walipopigania uhuru, akataja huzuni na majuto yake makubwa, lakini kuomba radhi hakukutoka. Kesho yake tu, tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mbele ya wajukuu wa waliouawa katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, akaomba msamaha. Nchi mbili jirani, siku mbili zinazofuatana. Mmoja katoa pole, mwingine kaomba samahani. Waswahili hatukuhitaji mkalimani wa kutueleza tofauti. Tuliiona hapo hapo.

Kwa hiyo, Mwenye Maswali, kinyume na unavyodhani, wewe una bahati. Yule mama ana neno moja, wewe una mawili. Kabla hujasema "sorry", jiulize kimoyomoyo kwa Kiswahili: hapa ningesema pole, au ningesema samahani? Ikiwa ni pole, tafuta mkia wa pole. Ikiwa ni samahani, taja kosa lako kwa jina, "Sorry about the wrong key", kisha rekebisha. Na ujihadhari na ile "I'm sorry you feel that way", ambayo mafundi wa kukwepa wanaipenda. Inavaa nguo za samahani, lakini tafsiri yake ni "pole kwa kuwa una hasira". Mchumba akikuletea hiyo, hata kwa Kiswahili, ujue hajaomba kitu.

Sasa nimalizie na la kwangu, maana nilisema nimejiona kwenye barua hii.

Miaka kadhaa nyuma baba yangu mdogo alifariki Korogwe. Nilikuwa Dar, kazi imenibana, au niseme ukweli, niliiacha inibane. Sikwenda kuzika. Nilimwandikia mama mdogo ujumbe wa simu: "Sori sana mama mdogo." Nikaona nimetimiza.

Siku ya tatu akapiga. Hakupaza sauti. "Mwanangu, ujumbe wako nimeuona. Sasa hiyo sori ni ya kunipa pole, au ya kuniomba radhi kwamba hukuja?"

Nikababaika. Nikasema, vyote, mama.

"Ni viwili hivyo. Usinichanganyie."

Wadogo zangu, nilikaa na simu mkononi kama mtoto aliyekamatwa akilamba sukari. Alikuwa amenishika pale pale. Niliichagua "sori" kwa sababu haikunidai chochote. Pole ingenitaka niukalie msiba naye. Samahani ingenitaka nitamke kosa langu. Sori ilinipitisha katikati, mikono mitupu. Nadhani ndiyo maana tunaipenda siku hizi. Tunawaambia sori wazazi, sori waume, sori marafiki tuliowavunjia ahadi, na hakuna anayejua tumetoa nini.

Jumamosi nikapanda basi. Nilikuta majirani wachache bado wamekaa mkekani. Nikavua viatu, nikakaa karibu yake, nikamshika mkono nikasema, "Pole, mama." Basi. Tukalia. Sikuongeza neno, maana ule haukuwa wakati wa kujitetea. Tulipokwisha kula nikaosha vyombo, nikamfuata jikoni alikokuwa akichambua mchele wa kesho. Nikapiga magoti. "Mama, niwie radhi. Sikuja kumzika baba, na ningeweza kuja."

Aliendelea kuchambua kwa muda, akatoa kijiwe kimoja, akakitupa nje ya mlango.

"Radhi nimeshakupa," akasema. "Ila kupoa, mwanangu, bado."

Nikavuta ungo mwingine, nikakaa naye.

Ni mimi, Dada yenu.