Betri Iliyokufa Kila Jumatatu

Watu wa bara waingiao Dar es Salaam kwa basi siku hizi hushuka Mbezi Luis, katika stendi kuu ya Magufuli, iliyofunguliwa mwaka 2021 mahali pa ile ya Ubungo. Nje ya lango huwakuta vijana wa bodaboda wakingoja abiria tangu alfajiri. Wengi wa vijana hao ni watoto wa vijijini kwetu, na pikipiki waziendeshazo mara nyingi si mali yao. Hupewa kwa mkataba: kila juma humpelekea mwenye chombo fedha waliyopatana, mpaka muda utimie, ndipo chombo kiwe chao. Kwa hiyo pikipiki isiyowaka asubuhi si jambo dogo. Fedha ya mkataba haingojei betri.

Namfahamu kijana mmoja wa kazi hiyo ambaye kila Jumatatu alikuta betri yake imekufa. Akibonyeza kidude cha selfu husikia ti-ti-ti tu. Honi hailii, indiketa hazimuliki. Hupiga kiki mpaka mguu unauma, na ikiisha kuwaka, mabasi ya kwanza yamekwisha kushusha watu. Lakini Jumanne hata Jumamosi chombo huwaka vema. Fundi wa kwanza alisema betri ni mbovu, akauziwa mpya. Baada ya majuma sita nayo ikawa vile vile, akanunua ya pili. Mwenye pikipiki akaanza kunung'unika kwamba kijana hatunzi chombo, na kwamba afadhali akirudishe. Jirani mmoja alisema wazi kwamba ni husuda ya watu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: mbona ni Jumatatu tu?

Kabla ya kulijibu swali hilo, yatupasa tujue umeme wa pikipiki watoka wapi na waenda wapi. Betri haizai umeme wa kudumu. Ni ghala tu. Betri ya namna hii, yenye mabamba ya risasi ndani ya tindikali, ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo, ndiyo maana huitwa ya volti 12. Mkulima wa ghala hilo yumo ndani ya injini: ni sumaku izungukayo karibu na koili za waya wa shaba. Mwingereza Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikienda karibu na waya, umeme huzaliwa katika waya ule. Lakini umeme utokao kwenye koili huenda mbele na kurudi nyuma, tena hupanda sana injini ikienda kasi, nao hauwezi kutiwa katika betri hivyo hivyo. Hupita kwanza katika kidude cha alumini chenye mapezi, ambacho mafundi wengine hukiita rektifaya na wengine regyuleta. Hicho huunyosha umeme uende upande mmoja na kuuzuia usizidi kiasi.

Basi betri ikifa, sababu ni mojawapo ya tatu: ama ghala lenyewe limetoboka, ama mkulima haleti chakula, ama yuko mwizi alaye usiku. Fundi auzaye betri mpya bila kupima amechagua sababu ya kwanza kwa kubahatisha, na fedha ya kubahatisha kwake ni ya mwingine.

Kipimo cha umeme, ambacho wengi hukiita testa, huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme. Wenye pikipiki watano wakichanga wanaweza kununua kimoja. Kiweke katika volti za betri, kisha gusa ncha nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, pikipiki ikiwa imelala kwa saa kadhaa bila kuwashwa. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hata 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imekwisha. Ikiwa imechajiwa vema usiku kucha na bado yasoma 10.5 au karibu yake, chumba kimoja kimekufa, na hapo ununue nyingine bila majuto.

Sasa washa injini, uipandishe mwendo, usome tena. Chaji njema ni volti 13.5 hata 14.5. Namba isipopanda hata kidogo, umeme haufiki: tazama fyuzi, tazama soketi za waya kama zimeungua au kulegea, kisha upime koili. Katika pikipiki nyingi waya za koili ni za rangi ya manjano. Zichomoe, ugeuze kipimo kipime umeme ule wa kwenda na kurudi, upime kila mbili kwa mbili injini ikinguruma. Kama zi tatu, namba zake zapasa kuwa sawasawa na kupanda pamoja na mwendo. Zikiwa hivyo, koili ni nzima na kosa li katika regyuleta au waya zake. Nayo namba ya betri ikizidi 15, regyuleta imeshindwa kuzuia. Maji ya betri yatachemka na balbu zitaungua moja baada ya moja. Na usiwaondoe betri injini ikiwaka ili ujaribu, kama wafanyavyo wengine. Volti hurukia juu ghafula na kuharibu vyombo.

Yule kijana alipopima, betri ilisoma 12.7 Jumamosi jioni, na injini ikiwaka 14.2. Ghala zima, mkulima mzima. Basi alibaki mwizi.

Mwizi hutafutwa hivi. Zima swichi na utoe ufunguo. Fungua waya wa hasi kwenye betri, wala usianze na chanya, kwa maana chasisi yote ya pikipiki imeungwa na hasi, na spana ikigusa chanya na chasisi pamoja hutoa cheche kali. Weka kipimo katika ampea, ukianza na kipimo kikubwa, kisha ukipachike kati ya nguzo ya hasi na waya ulioufungua, ili umeme wote upite ndani yake. Hapo usiguse swichi wala selfu, utaunguza fyuzi ya kipimo. Pikipiki isiyo na alamu yapaswa kusoma sifuri au karibu na sifuri. Yenye alamu nzuri husoma miliampea chache tu. Miliampea elfu moja ndizo ampea moja.

Ya kijana huyu ilisoma 120 alamu ikiwa imefungwa, na 6 ilipofunguliwa kwa rimoti.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi hesabu hii. Betri ile ilikuwa ya ampea 5 kwa saa moja. Kijana hulaza pikipiki Jumamosi saa 2 usiku, Jumapili huenda kanisani kwa miguu na kupumzika, naye hurudi kazini Jumatatu saa 12 alfajiri. Ni saa 34. Zidisha kwa miliampea 120, upate 4,080, yaani sehemu nne katika tano za betri zimeliwa. Katika usiku wa kawaida wa saa tisa huliwa ampea moja na kidogo tu, na safari za mchana huirudisha. Ndiyo Jumatatu ile. Na betri iliyokaushwa hivyo kila juma, mabamba yake hushika chumvi ngumu isiyotoka tena. Kwa hiyo hata ile mpya ilikufa kabla ya wakati wake.

Alamu yenyewe haikuwa mbovu. Aliyeifunga aliiweka rilei ya kukata moto wa injini kwa namna ambayo hubaki imevuta muda wote alamu ikifungwa, na koili ndogo ya rilei ndiyo iliyokuwa ikinywa usiku kucha. Fundi mwingine alizigeuza waya, rilei ivute pale tu mtu awashapo swichi bila ruhusa. Kipimo kikashuka kikasoma 8.

Alamu zina vituko vingine pia. Kilio kisicho na sababu, hasa kando ya barabara ya Morogoro lori likipita, maana yake mara nyingi ni kwamba kihisi kimewekwa kiwe kikali mno, kipunguze. Kuna zinazolia au kufunga injini kwa sababu volti za betri zimeshuka, na mwenye chombo hudhani mwivi kaja. Rimoti isiyoitika huenda yataka betri yake ndogo tu. Waya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe chini ya kiti huingia maji wakati wa masika. Ziungwe kwa risasi ya kulehemu.

Vichwa vya betri vikiota ukungu wa kijani au mweupe, vioshe kwa maji ya moto yenye magadi, uvikaushe, uvikaze, upake grisi. Betri yenye vifuniko iongezwe maji yaliyokenekwa, yaani ya mvuke, si ya bomba, wala si tindikali. Usiitazame kwa kiberiti wala sigara, kwani hewa itokayo hushika moto kwa mlipuko.

Na aendaye likizo kijijini mwezi mzima, pikipiki ikabaki mjini, afungue waya wa hasi kabla ya kuondoka. Hata miliampea 8 huimaliza betri ile katika siku 26. Yule kijana sasa hufanya hivyo, na mwenye chombo, aliyeonyeshwa namba za kipimo kwa macho yake, amekubali kukata bei ya betri moja katika fedha ya mkataba.