Soma Chesisi Kabla ya Kulipa

Tuseme wakulima sita wa Donge wameweka akiba kwa miaka mitatu. Wanataka kununua gari dogo la mizigo. Watachukulia ndizi na mihogo mpaka soko la Mwanakwerekwe. Wamepata gari Mjini. Linang'aa. Mwenye gari anasema, "Hili halijafanya kazi sana."

Je, walipe? La, wasilipe bado. Rangi hupakwa, na maneno hayana kodi. Kwanza wasome namba za gari.

Gari lina historia

Magari mengi ya Unguja yalitumika kwanza katika nchi nyingine, hasa Japani. Wajapani nao hupita kushoto barabarani kama sisi. Kwa hiyo usukani wa magari yao uko kulia. Gari likifika bandarini huwa limekwisha fanya kazi miaka kadhaa. Ukijua kusoma, unaweza kuifuata miaka hiyo.

Namba mbili tofauti

Namba ya kwanza ni ya usajili. Imeandikwa kwenye kibao cha mbele na cha nyuma. Hapa Zanzibar huanza na herufi Z. Namba hii hutolewa na serikali gari likisajiliwa hapa. Haisemi gari lilikuwa wapi kabla.

Namba ya pili ni ya chesisi. Hii hugongwa kwenye chuma kiwandani. Gari likivuka bahari, namba ni ile ile. Likiuzwa mara kumi, namba ni ile ile.

Namba inasema nini

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi. Huanza na herufi na tarakimu za aina ya gari. Kisha kuna kistari, halafu namba ya gari lenyewe. Chukua mfano wa gari dogo la kasi la Toyota, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1983 hadi 1987. Chesisi yake huanza na AE86. Herufi A ni jamii ya injini. Herufi E ni ukoo wa Corolla. Tarakimu 86 ni toleo lake. Mtu akikuuzia gari kwa jina hilo, na chesisi haianzi hivyo, muulize sababu.

Magari ya nchi nyingine nyingi yana namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Herufi ya kwanza huonyesha sehemu lilikotoka. J ni Japani. W ni Ujerumani. Katika namba hii ndefu hakuna herufi I, O wala Q. Ziliachwa kwa sababu hufanana na 1 na 0. Ukiona alama ya duara, basi ni sifuri.

Huko Ulaya na Marekani, matajiri hununua magari ya zamani ya mashindano kwa fedha nyingi. Kabla ya kulipa, hutazama kama chesisi na injini ni zile zilizotoka pamoja kiwandani. Injini ikiwa nyingine, bei hushuka. Ikiwa tajiri husoma namba, sisi wenye akiba ndogo tusome zaidi.

Fanya hivi

1. Nenda mchana. Fungua boneti. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma. Katika magari mengine iko chini ya kiti au kwenye nguzo ya mlango.

2. Iandike mwenyewe kwenye karatasi, herufi moja moja.

3. Tazama chuma. Je, kimesuguliwa kwa tupa? Kimechomelewa upya? Tarakimu zimekaa kombo? Hizo ni dalili mbaya.

4. Omba kadi ya gari. Linganisha chesisi na karatasi yako. Tazama pia jina la mwenye gari. Je, ndiye anayeuza?

5. Omba hati ya Japani ya kusafirisha gari nje. Ina namba ya chesisi, na mwezi na mwaka gari liliposajiliwa huko mara ya kwanza. Muuzaji akisema gari ni la miaka mitano, hesabu mwenyewe.

6. Tazama kilomita, kisha tazama pedali na kiti. Saa ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma. Pedali iliyolika hairudi.

7. Nenda na muuzaji kwenye ofisi ya usajili wa vyombo vya moto. Waombe waitazame namba katika kumbukumbu zao. Lipa baada ya hapo, mbele ya mashahidi, na upewe risiti.

Kwa nini tujisumbue?

Gari likiwa la wizi, polisi watalichukua hata kama ulilinunua kwa nia njema. Muuzaji huenda asionekane tena. Akiba ya miaka mitatu ya watu sita itapotea kwa siku moja. Herufi moja isipokubaliana, rudini na fedha zenu Donge. Gari jingine litapatikana.

Maneno ya kujifunza

Chesisi: fremu ya chuma inayobeba gari.
Kadi ya gari: hati inayoonyesha gari na mwenyewe.
Tupa: chombo cha kusugulia chuma.

Maswali

1. Namba ya usajili na namba ya chesisi zinatofautianaje?
2. Kwa nini herufi I na O hazitumiki katika namba ndefu?
3. Jirani ana gari au pikipiki? Muombe ruhusa, isome chesisi, kisha ulinganishe na kadi.