Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Tabora iliitwaje zamani?



Leo nina swali. Mji wetu huu, kabla haujaitwa Tabora, uliitwaje? Vijana wengi ukiwauliza wanakutazama tu.

Nchi yenyewe ilikuwa Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi. Waarabu na Waswahili walikuwa wameshajenga matembe yao hapa Burton na Speke walipofika Novemba 1857, nao wakauandika mji "Kazeh". Stanley kaja 1871, yeye anaandika Tabora. Wazee husema jina hili limetokana na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Chakula cha njiani kimekuwa jina la mji! Mjerumani alipomshinda Mtemi Isike mwaka 1893, tukawa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mbelgiji akaingia Septemba 1916, kisha Mwingereza, na 1920 nchi ikaitwa Tanganyika, kwa jina la ziwa ambalo misafara iliufuata mwambao wake kule Ujiji. 1964, Tanzania.

Ila jina linaloniwazisha zaidi ni hili la Wanyamwezi. Inasemwa watu wa pwani ndio waliolitoa: watu wa upande wa mwezi, yaani magharibi, unakoandama. Mwezi huo huo tulioutafuta sote jioni ile kabla ya funga ya kwanza. Jina zuri, na wenyewe wakalipokea.

Lakini njia ile ile ya misafara ilileta na jina lingine. Wa pwani walijiita waungwana, wa bara wakawaita washenzi. Na hao hao wa bara ndio wapagazi waliobeba pembe za ndovu mabegani kutoka hapa hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi. Misafara imekwisha, reli ilifika Tabora 1912, lakini neno lile bado lipo. Tunalisikia stendi, tunalisikia sokoni. Saa kumi na moja jioni, swaumu imebana, linatutoka hata kwa mtoto aliyemwaga uji.

Mtume wetu (S.A.W.) alilijali sana jambo la majina. Yathrib ikawa Madina. Binti mmoja aliyeitwa Asiya, maana yake muasi, alimbadilisha akamwita Jamila. Na Sura Al-Hujurat, aya ya 11, inatukataza kuitana kwa majina mabaya. Aya mbili tu mbele, ya 13, inataja mataifa na makabila, na kwamba tumewekwa hivyo ili tujuane. Zisomeni leo kwa pamoja, msizitenganishe.

Kama kuna mtu mtaani unamwita kwa jina asilolipenda, leo muulize anataka aitweje. Na kabla ya futari, kaa na mzee mmoja akwambie mtaa wenu uliitwaje zamani, na nani aliuita hivyo.

Allah atutakabalie funga zetu. Amin.