SOMO LA SAYANSI: KOMPYUTA YA INJINI NA KUBADILI HESABU ZAKE

Katika vipindi vya fizikia swali hili huulizwa mara kwa mara: Je, ni kweli kwamba fundi aweza kuongeza nguvu za gari kwa kompyuta, bila kufungua hata skrubu moja ya injini? Jibu ni ndiyo. Lakini si kwa kila gari, wala si bure. Msomaji na ashike kalamu na karatasi, maana mna hesabu kidogo.

1. Chakula cha injini

Injini hula vitu viwili, mafuta na hewa. Kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Mafuta yakizidi, gari hutoa moshi mweusi na plagi huingia masizi. Yakipungua, nguvu hupotea na joto hupanda. Tena cheche ya plagi hapana budi itoke kwa wakati wake, kabla kidogo ya pistoni kufika juu. Ikitoka mapema mno, nguvu ya moto huikuta pistoni ingali inapanda, na injini hugonga kama nyundo.

Injini yenye silinda 4, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huzunguka mara 50 kwa sekunde. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, yaani mara 25 kwa sekunde. Kwa silinda 4 ni mara 100. Basi mara 100 katika kila sekunde lazima mafuta yapimwe na cheche itolewe kwa wakati.

2. Kabureta na mlima

Zamani kazi ya kupima petroli ilifanywa na kabureta. Joginder Singh wa Kenya aliposhinda mashindano ya Safari mwaka 1965 kwa Volvo yake, gari lile lilikuwa la kabureta. Aliyetaka kubadili vipimo alishika bisibisi, au alibadili vitundu vya kupitishia petroli.

Taabu ya kabureta huonekana milimani. Mji wa Karatu una kimo cha mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro ni mita 2,300 hivi. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi: imepungua kwa moja ya tano hivi, ikilinganishwa na hewa ya pwani. Tuseme injini ikiwa Tanga huvuta gramu 147 za hewa. Itahitaji gramu 10 za petroli. Ikifika ukingoni itavuta gramu 118 hivi tu, na petroli inayoifaa ni gramu 8. Lakini kabureta iliyorekebishwa Tanga haijui kwamba imepanda mlima, nayo humimina kupita kiasi. Ndipo gari linapotoa moshi na kuchoka.

3. Kompyuta yafanyaje?

Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mtambo wa umeme wa kupuliza petroli, ukafungwa katika gari la Volkswagen. Mwaka 1979 ikatoa mtambo uitwao Motronic, ulioweka mafuta na cheche chini ya kompyuta moja. Siku hizi karibu kila gari jipya lina kisanduku hicho. Mafundi wetu hukiita kontroli boksi.

Kisanduku kina vijumbe wake, ndizo sensa. Mmoja hupima hewa inayoingia, mwingine mwendo wa injini, mwingine joto la maji, mwingine oksijeni iliyobaki katika moshi. Kompyuta ikipata habari hizo hutazama jedwali lililomo katika kumbukumbu yake. Jedwali hilo lafanana na lile la kuzidisha mlilojifunza shule ya msingi: upande mmoja mwendo wa injini, upande wa pili mzigo wake, na panapokutana pana tarakimu moja. Tarakimu hiyo ndiyo amri: nozeli ifunguke kwa muda huu, cheche itoke wakati huu.

4. Kubadili hesabu

Sasa msomaji amekwisha kuelewa. Kubadili programu ya injini ni kubadili tarakimu za majedwali hayo. Katika miaka ya 1980 fundi alifungua kisanduku, akachomoa kijiwe cha kumbukumbu na kuweka kingine. Siku hizi huchomeka waya katika tundu la kupimia gari, lililo chini ya usukani. Husoma majedwali, huhifadhi nakala ya asili, hubadili tarakimu, kisha huziandika upya. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kisanduku chaweza kufa na gari lisiwake tena.

Faida ipo hasa katika injini yenye turbo. Turbo ni feni inayosukuma hewa ndani ya silinda. Ikiamriwa kusukuma zaidi, mafuta nayo yaweza kuongezwa, na nguvu hupanda sana. Injini isiyo na turbo huvuta hewa ya Mungu tu. Hakuna tarakimu iwezayo kuizidisha, na faida yake ni ndogo.

Pia kuna magari yasiyo na jedwali lolote la kubadili. Land Cruiser nyingi zinazopita njia zetu zina injini ya dizeli iitwayo 1HZ, ya silinda 6 na ujazo wa lita 4.2. Haina turbo, na mafuta yake hupimwa kwa pampu ya chuma na springi. Mtu akikuambia kwamba ataitia programu mpya, muulize ataitia wapi.

5. Hasara

Mtengenezaji huacha akiba ya nguvu kwa sababu: petroli mbaya, jua kali, vumbi, mzigo mzito. Anayebadili hesabu hula akiba hiyo. Turbo ikizidishwa, au cheche ikiwahishwa mno, injini hugonga na pistoni huweza kutoboka. Dizeli ikizidishwa, joto la moshi hupanda, klachi na giaboksi huchakaa upesi. Gari linalopanda kutoka uwanda wa Salei, au linalomkimbiza mgonjwa Hospitali ya Wasso, halihitaji mbio, lahitaji kufika.

Tena hesabu zaweza kutumika kwa udanganyifu. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba Volkswagen iliweka katika magari ya dizeli yapatayo milioni 11 programu iliyotambua gari linapopimwa. Wakati wa kupimwa moshi ulikuwa safi. Barabarani ulikuwa mchafu. Kosa halikuwa la kompyuta. Kompyuta hutii tu.

Basi mzazi anayetaka kazi hiyo amwulize fundi mambo matatu: Nakala ya asili utaihifadhi? Utabadili jedwali gani? Utapima nini baadaye? Asiyeweza kujibu asipewe gari. Na mwanafunzi anayetamani ufundi huu ajue kwamba bisibisi ya leo ni hisabati na fizikia.

Maswali

(1) Injini ya silinda 6 inazunguka mara 2,400 kwa dakika. Silinda zote huwaka mara ngapi kwa sekunde?
(2) Petroli ya gramu 6 huhitaji hewa gramu ngapi?
(3) Kwa nini gari lenye sensa ya hewa halitoi moshi mweusi ukingoni mwa kreta kama lile la kabureta?