Kanula kwa Mgonjwa Mnene: Hesabu ya Urefu na Upana

Kabla ya upasuaji mkubwa mgonjwa hutiwa kanula, yaani mrija mwembamba wa plastiki unaopitishwa ndani ya vena ili dawa ya usingizi, maji na damu vipate njia. Kwa mtu mwembamba vena za mkono huonekana kwa macho. Kwa mtu mwenye unene wa kupindukia huwa zimezama chini ya mafuta, na muuguzi huzitafuta kwa ncha za vidole, au kwa ultrasaundi pale ilipo. Wagonjwa hao si wachache: uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene huo.

Swali la kwanza ni la jiometri. Vena ikiwa sentimita 1.5 chini ya ngozi, na sindano ikaingizwa kwa pembe ya digrii 45, mrija husafiri 1.5 ÷ sin 45°, yaani karibu sentimita 2.1, kabla ya kuifikia. Kanula ya sentimita 3 itakuwa na sentimita 0.9 tu ndani ya vena. Ya sentimita 4.8 itakuwa na 2.7. Ile fupi huweza kupitisha maji vizuri mgonjwa akiwa ametulia, na hapo ndipo inapodanganya.

Mgonjwa huyo na asafirishwe kutoka Endulen, ndani ya Ngorongoro, kwenda kupasuliwa Karatu. Gari hupita barabara ya vumbi yenye mitikisiko, hupanda ukingo wa kreta kwenye mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, kisha hushuka kwenye lango la Lodoare. Kila mkono unapoinuliwa mafuta huteleza na kuuvuta mrija. Ukichomoka kwenye vena, maji humwagika katika mafuta, na kwa kuwa mkono wenyewe ni mnene uvimbe hauonekani mapema. Mbaya zaidi, dawa ya usingizi ikipitishwa humo haifiki kwenye damu inavyotakiwa, na mgonjwa halali. Baridi ya ukingoni nayo husinyaza vena za ngozi, hata kupata nyingine kukawa kazi.

Je, kanula ndefu haipunguzi mwendo wa maji? Hupunguza. Tabibu Mfaransa Poiseuille alionyesha, kwa majaribio ya mirija myembamba ya kioo aliyoyatangaza mwanzoni mwa miaka ya 1840, kwamba kiasi kinachopita hupungua kwa kadiri ya urefu, lakini huongezeka kwa kipeo cha nne cha nusukipenyo. Kutoka sentimita 3 hadi 4.8, mtiririko hushuka hadi asilimia 62.5. Kipenyo cha ndani kikipanuliwa kutoka milimita 0.8 hadi 1.0, huongezeka mara 1.25⁴, yaani karibu 2.44. Yakifanywa yote mawili pamoja, mtiririko ni mara 1.5 ya ule wa awali. Ni kweli kwamba kanuni hii ni ya mtiririko mtulivu, na katika kanula halisi faida huwa ndogo zaidi. Lakini mwelekeo haubadiliki. Basi kina cha vena ndicho kinachoamua urefu, na damu inayotazamiwa kupotea ndiyo inayoamua upana. Wanafunzi wasichanganywe na namba za kiwandani: namba 16, ya kijivu, ni pana kuliko 18 ya kijani, nayo 18 ni pana kuliko 20 ya waridi.

Wengine hukimbilia katheta ya shingoni, wakidhani kila kilicho kikubwa kwa jina ni chepesi kwa mwendo. Mrija wa sentimita 15, kwa upana uleule, hupitisha chini ya theluthi moja ya kile kinachopita katika ule wa sentimita 4.8. Una mahali pake: dawa zinazounguza vena ndogo, au mikono isiyotoa vena kabisa. Kwa damu inayomwagika mezani, kanula mbili pana za mkononi, zenye urefu wa kutosha, hutangulia.