SOMO LA MWEZI: MTOTO ALIYEANGUKA WAKATI WA KUKIMBIA

Masomo: 2 Samweli 4:4, 2 Samweli 9



Someni kwanza mafungu haya nyumbani, kisha tuyatafakari pamoja.

Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano ilipofika habari ya kufa kwa babu yake Sauli na baba yake Yonathani. Yaya wake akamchukua akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Yaya hakuwa mwovu, alitaka kumwokoa. Hata hivyo mtoto alipotewa na baba, nyumba na miguu kwa mara moja. Miaka mingi baadaye, naye sasa ni baba wa mtoto, mfalme Daudi alipomwita alijifananisha na mbwa mfu. Miguu iliyolemaa kila mtu aliiona. Moyo uliolemaa ulijulikana aliposema.

Mkoa wetu unayajua mambo haya. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia, watu wa kaskazini ya Mto Kagera walikimbia na watoto mgongoni. Mtoto wa miaka mitano wa siku zile leo amepita miaka hamsini. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa hapa Kagera, na katika miaka iliyofuata vibanja vingi vilibaki na bibi na wajukuu tu. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia hawakurudi nyumbani.

Je, mtoto husahau? Wataalamu walianza kuzichunguza kaya za Kagera mwaka 1991, wakawatafuta tena watu wale wale mwaka 2004. Waliona kwamba mtoto aliyefiwa na mama akiwa mdogo alipungukiwa, kwa wastani, sentimita 2 za kimo na mwaka 1 wa shule, na upungufu huo haukufidiwa alipokua. Kama msiba huacha alama katika kimo, hauachi alama moyoni?

Jirani zetu wa Uganda nao wametupa fundisho. Katika miaka ya 1954 na 1955 mtaalamu Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 za Waganda, akiwatazama mama na watoto wachanga. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake hukitambua kilio chake na kukiitikia upesi huthubutu kutambaa mbali kidogo, kisha hurudi kwa mama kama mtu arudiye nyumbani. Asiye na hakika hiyo hulia sana, hata akipakatwa. Ndiyo kusema mtoto hujifunza ulimwengu kwa mtu mmoja kwanza. Mtu huyo akiondoka, na wa pili akaondoka, na wa tatu, mtoto huacha kuamini kwamba yupo atakayebaki.

Hapa sisi walimu wa zamani hatuna budi kutubu. Tulikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akificha nusu ya chakula chake mfukoni, hakutazama mtu usoni, na akiguswa begani aliruka. Tulimwita jeuri, tukamchapa. Baadaye tulipata habari kwamba alikuwa amehamishwa nyumba nne tangu wazazi wafe. Hakuwa jeuri, alikuwa akingoja nyumba ya tano.

Tazameni alivyofanya Daudi. Alimwita kwa jina lake. Alimrudishia mashamba ya babu yake. Akampa nafasi mezani pake siku zote, si siku ya sikukuu tu. Tena angalieni mwisho wa sura: Mefiboshethi bado ni kiwete. Meza haikuiponya miguu, bali ilimpa mahali pa kukaa nayo.

Basi na tufanye hivi:

1. Yatima asigawanywe kama mbuzi wa urithi. Apate mlezi mmoja, na ndugu wengine wamsaidie mlezi huyo.
2. Tumwambie ukweli kuhusu kifo. "Mama amesafiri" humfanya angoje njiani kila jioni.
3. Kibanja cha marehemu kilindwe kwa ajili ya watoto wake.
4. Tusimchape kwa huzuni yake. Nshamba, wilayani Muleba, limekuwako shirika la Humuliza, lililofundisha walimu kuwasikiliza yatima. Jina hilo kwa Kihaya ni kufariji.
5. Mzigo ukizidi, twende kwa ofisa wa ustawi wa jamii au hospitali. Si kukosa imani.

Maswali ya mazungumzo, kwa Umoja wa Akina Mama na vijana:

(a) Ni mtoto gani mtaani petu amebadilishiwa nyumba zaidi ya mara moja?
(b) Ni mtu mzima gani tunayemwita mgumu wa moyo, nasi hatujauliza aliangukia wapi?
(c) Nani atakwenda kwake wiki hii, na wiki itakayofuata?

Swali la mwisho lisijibiwe kwa maneno.